Testi kijani (zimefaulu), kiti kimoja wauziwa wawili: hizi intafesi za data (orodha ya methodi ambazo msimbo mwingine unaziita kupata data) mnaziandikaje?

Wakuu, imetosha. Mifumo ya .NET (jukwaa la programu la Microsoft) tunayokabidhiwa kuitunza hapa Tanga, iwe ya tiketi za mabasi pale Kange au ya kupokea marobota ya mkonge ghalani, ina ugonjwa uleule: intafesi ya kusoma data inarudisha IQueryable. Hiyo si data. Ni kweri (ombi la data) ambayo bado haijaenda kwenye databesi, na kila anayeipokea anaiongezea masharti yake. Ukiita ToListAsync juu yake, Entity Framework Core (EF Core, maktaba ya .NET ya kuzungumza na databesi) inaitikia. Kwenye testi ukiweka List uliyoipitisha AsQueryable, unapigwa InvalidOperationException, kwa sababu List haijui kusomwa kwa asinkroni, yaani bila kuizuia programu ikisubiri jibu. Hapo watu wanakesha kutengeneza kweri bandia badala ya kurekebisha intafesi! Rudisheni Task (ahadi ya jibu litakalokuja) yenye orodha iliyokamilika, kwa methodi inayotaja kazi yake, jina lisomeke: VitiVilivyoWaziAsync, ikipokea namba ya safari na CancellationToken (tokeni ya kughairi kazi).

Kinachokera zaidi ni kuuza kiti. Wanaandika methodi mbili, KitiKiWaziAsync halafu HifadhiTiketiAsync. Kati ya hizo mbili, karani wa dirisha la pili ameshauliza kiti namba 14 naye akajibiwa kiko wazi. Testi haioni kitu, maana feki yake (kitu bandia kinachosimama badala ya databesi) inarudisha Task.FromResult, jibu lililo tayari. Task iliyokwisha kamilika haisubiriwi: await (amri ya kusubiri) inapita moja kwa moja, ombi la kwanza linamalizika kabla la pili halijaanza. Mmepima foleni ya mtu mmoja.

Feki itumie TaskCompletionSource (Task unayoikamilisha mwenyewe unapotaka), iundwe na chaguo la RunContinuationsAsynchronously, la sivyo SetResult, methodi ya kuachia jibu, itaendesha msimbo unaofuata papo hapo ndani ya tredi (uzi wa utekelezaji) ya testi. Ita uuzaji mara mbili bila await, zote zikwame kwenye kusoma, ndipo uziachie. Ule muundo wa methodi mbili utaanguka mbele ya macho yako. Tiba ni methodi moja, UzaKitiAsync, inayojibu kimeuzwa au kimeshachukuliwa, na chini yake indeksi ya kipekee ya safari na kiti, ili databesi ikatae kiti kilekile cha safari ileile mara ya pili.

Na hiyo indeksi msiipime kwa InMemory ya EF Core (databesi ya majaribio ya kwenye kumbukumbu), haiilazimishi kabisa. SQLite inailazimisha, ila ile ya :memory: inafutika koneksheni ikifungwa, na methodi zake za Async kwa ndani zinakwenda kwa sinkroni. Mgongano wa makarani wawili upimwe kwenye databesi ileile inayotumika kazini, kila karani na DbContext yake (kikao cha EF Core na databesi). DbContext moja haikubali operesheni mbili kwa pamoja.

Tokeni ya kughairi nayo imekuwa pambo. Inapokelewa, haipitishwi chini. Feki itunze tokeni iliyoipata, testi ighairi na idai OperationCanceledException.

Halafu Thread.Sleep ya sekunde 3 ndani ya testi "ili data ifike". Testi 200 zikifuatana ni dakika 10 za kulala tu, na siku seva ikizidiwa bado zinaanguka. Kama ni suala la saa, tiketi isiyolipiwa kufutwa baada ya dakika 15 kwa mfano, TimeProvider ipo tangu .NET 8, ipitishe kwenye konstrakta, testi isogeze saa yenyewe.

async void (methodi ya asinkroni isiyorudisha Task) sitaki hata kuisikia kwenye safu ya data. Kosa likitokea halimrudii aliyeita, testi inaweza kubaki kijani. Na .Result (kudai jibu la Task papo hapo) kwenye WPF au WinForms, programu za madirisha ya Windows, inaweza kugandisha dirisha la karani moja kwa moja: tredi ya skrini inasubiri jibu, jibu linasubiri tredi ya skrini.

Anayebisha aweke hapa intafesi yake pamoja na testi ya makarani wawili na kiti kimoja. Tutaisoma mstari kwa mstari.