Bima ya mazao: mashamba mawili sehemu tofauti, moja likizama nalipwa?

Mkulima_Magu: Wakuu habari za saa hizi. Nina mpunga ekari mbili Magu kando ya Ziwa Victoria na nyingine mbili Misungwi mbugani, sasa kuna wakala kaja kwenye chama chetu anauza bima ya mazao anataka aniandikie yote kama shamba moja, anasema ndo nafuu. La Magu likienda na maji na la Misungwi likatoa vizuri, nalipwa au ndo nimeliwa?

Ng'wana_Misungwi: Muulize kwanza fidia wanapigaje mkuu. Kama wanapima mavuno yako, kuunganisha kutakuumiza. Chukulia ekari inatoa gunia 15, kila shamba 30, na kinga ni asilimia 70, yaani ukivuna chini ya hapo wanakufidia kilichopungua. Yakiandikwa mbali mbali kila moja lina kinga ya gunia 21, Magu ukiambulia 5 unafidiwa thamani ya 16. Yakiunganishwa kinga ni 42, Magu 5 Misungwi 38 jumla 43, hupati hata senti. Hata Marekani mkulima akiunganisha mashamba yake yote ya zao moja ndani ya kaunti ada inashuka, na sio huruma, ni kwamba yote kufa kwa mpigo ni nadra.

mama_majaruba: Hiyo ni ya kupima shamba kaka. Nyingi wanazotuletea sisi wadogo hawakanyagi kwako kabisa, wanaangalia mvua kwa setilaiti au wastani wa mavuno ya eneo zima. Wastani ukishuka chini ya kiwango mnalipwa wote hata aliyevuna, usiposhuka hamna kitu hata kama umezama. Sasa akiyaandika yote eneo la Misungwi, la Magu nani analiangalia? Halafu ziwa likipanda kama 2020 maji yanaletwa na mito kutoka mpaka Kagera huko, setilaiti inaweza kuonyesha mvua ya Magu ni ya kawaida tu na we jaruba lako lina kambale 😅

Mkulima_Magu: Duh, ya ziwa wakala wala hakuigusa. Na pale ni hatua chache tu mpaka majini.

Ng'wana_Misungwi: Kama ni ndani ya mita 60 hiyo kesi nyingine, sheria ya mazingira ya 2004 hairuhusu shughuli za kudumu hapo, wakitafuta sababu ya kukukatalia wanayo. Mwambie kila shamba liandikwe na kijiji chake na ekari zake, akizunguka zunguka muombe leseni ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima.

Mkulima_Magu: Anarudi kwenye mkutano wa chama, namuuliza mbele ya watu.