Watoto wengi ndo umaskini wenyewe, au tunawasingizia?

Wakuu kwema? Juzi kwenye daladala jamaa mmoja kaanza, "mtu hana hata kuku anazaa saba halafu analaumu serikali", gari zima likacheka na konda akaunga mkono, mimi nikanyamaza ila mpaka leo haijanitoka kichwani, nimeona niilete hapa tubishane bila matusi.

Sikatai kwamba midomo ikizidi mikono nyumba inayumba. Utafiti wa mapato na matumizi ya kaya wa 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi kwenye shilingi 49,320 kwa mwezi kwa mtu mzima, yaani haifiki hata 1,700 kwa siku, na bado asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara walikuwa chini yake. Sasa kaya ya walaji tisa na wavunaji wawili itauvukaje huo mstari?

Lakini ngoja niwape ya baba yangu mdogo, yuko huko Kilombero analima mpunga. Watoto sita, mkewe, bibi, na yeye. Mwaka mmoja kavuna gunia 40, kijiji kizima kinamuita bosi. Kumbe gunia 12 zilikuwa za watu, alishachukua hela yao mwezi wa pili mpunga ukiwa bado majani, kwa bei ya kutupa. Zilizobaki nyingi kauza palepale mwezi wa saba bei ikiwa chini kabisa, kanunua pikipiki ya mkononi bila kumuuliza mtu. Mwezi wa kwanza ndani hamna kitu. Mama mdogo ikabidi aende kibarua kupalilia shamba la jirani alipwe kwa debe, jioni anarudi kachoka, na shamba lao wenyewe magugu yanapanda tu. Mwaka uliofuata walipata gunia 22. Watoto walikuwa wale wale sita, hakuongezeka hata mmoja!

Kwahiyo mimi nasema tuache kuhesabu watoto kwanza, tuulize nani ndani ya nyumba anashika hela ya mavuno na inatoka lini. Karibuni.

Jibu: Mkuu umezunguka sana. Wangekuwa wawili hao watoto, hizo gunia zingefika mwezi wa tatu. Sensa ya 2022 inaonyesha kaya ya wastani ni watu 4.3, kutoka 4.7 mwaka 2012, watu wanajifunza bana, baba yako mdogo kachelewa.

Jibu: Mnaongea kama mama mdogo aliulizwa. Hajaulizwa pikipiki, na hao sita mna uhakika aliulizwa? Halafu mzee akifariki, mashemeji wa mama mdogo watakuja kupima shamba kabla arobaini haijafika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanaume, nendeni mkaisome mbele ya kikao cha ukoo muone. Ndo maana hela za TASAF, ule mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, wapokeaji wengi ni akina mama, waliona huko mbali.

Jibu: Mimi natoka Usukumani, kwetu mtoto alikuwa mtaji, mmoja anachunga, mwingine pamba, mwingine maji. Toka elimu bila ada 2016 wote wako darasani, ni jambo jema kabisa, ila ng'ombe nachunga mwenyewe na sare, madaftari na michango bado vinatoka mfukoni mwangu. Wazee walizaa kwa hesabu yao ikawalipa, sisi tumerithi idadi bila hesabu. Na shamba la baba ekari nane tumegawana watano, hapo hata ungezaa mmoja utalima nini?

Mleta mada: Huyo wa Usukumani kanigusa, suala la kugawana shamba sikuliwaza. Na dada wa hapo juu nakubali, hiyo ndo hoja yangu ila umeisema vizuri kuliko mimi. Wa watoto wawili, bado nakupinga: wawili wangefika mwezi wa tatu kama gunia zingekuwepo, gunia ziliuzwa mwezi wa saba ndugu yangu.

Jibu: Na pikipiki?

Mleta mada: Iko nyuma ya jiko haina tairi la mbele. Kuku wanalalia siti.