Mdogo wangu ni straika, timu kubwa inamtaka dirisha dogo. Asaini au asubiri Juni?

Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri, hasa nyie mliocheza au mnaoujua mpira wetu kwa ndani.

Mdogo wangu ana miaka 20, namba tisa wa timu moja ya Ligi Kuu huku mkoani. Msimu huu anaanza karibu kila mechi na nyavu anazitikisa. Mkataba unaisha Juni. Sasa timu kubwa ya Dar inamtaka dirisha dogo hili, yaani usajili wa katikati ya msimu: miaka mitatu, pesa ya usajili milioni 30, nusu sasa na nusu "baadaye", mshahara mara tatu ya anaopata. Wakala aliyeleta dili anataka dogo amsainie miaka mitano, naye ale asilimia 20 ya kila kitu.

Mama anasema asaini, nyumba inangoja bati. Dogo mwenyewe ukimuuliza anacheka tu, akili imeshahamia Dar. Mimi ndiyo roho inasita, maana pale mbele wapo mastraika wawili wa kigeni na wote wanaitwa timu zao za taifa.

Kipara wa Ilala: Asaini! Mpira ni miguu, akiumia goti kesho hiyo milioni 30 utampa wewe? Clement Mzize si alikuwa kinda tu pale Yanga enzi za straika wao Mayele, akawa anaingia dakika za mwisho? Leo si jina kubwa?

Winga Mstaafu: Kipara, Mzize alikuzwa palepale na makocha walikuwa wanamjua. Huyu dogo ananunuliwa, kocha akibadilika anaanza upya.

Mimi yalinikuta. Nilitoka timu ndogo nikiwa moto, nikapewa nusu ya pesa ya usajili, nusu nyingine sijaiona mpaka leo. Nikawa nacheza mechi za kirafiki na zile za kombe dhidi ya timu za daraja la chini. Msimu wa pili nikatolewa kwa mkopo, huko nilikopelekwa wanasema mshahara analipa mwenye mchezaji, mwenye mchezaji anasema analipa aliyemchukua. Straika asipocheza mwaka mzima anapoteza ule wepesi wa kujua mpira utadondokea wapi, na mazoezini haurudi.

Bibie Mwanasheria: Kaka, mambo matatu. Mosi, "baadaye" si tarehe. Iandikwe siku, mwezi na mwaka, na mkopo uandikwe nani analipa mshahara. Pili, mishahara ya miezi miwili ikipita bila kulipwa, kanuni za FIFA zinampa mchezaji haki ya kuvunja mkataba, ila lazima kwanza aiandikie klabu na kuipa siku 15 ilipe. Wengi wanalalamika kwenye redio, barua hawana.

Tatu, huyo wakala. FIFA hawaruhusu mkataba wa wakala na mchezaji uzidi miaka miwili. Anayetaka mitano ama hajui kazi yake au anajua sana. Muombe namba ya leseni.

Mtu wa Takwimu: Mbona hakuna aliyegusia la Juni? Mkataba ukibaki miezi sita, mchezaji ruksa kusaini na timu nyingine kwa msimu ujao. Kuanzia Januari dogo anazungumza na yeyote, na Juni anaondoka bure. Ile pesa ya kumnunua ambayo ingeenda kwa timu yake ya sasa anaweza kuidai iingie kwake. Anayeharakishwa hapa ni dogo, lakini mwenye haraka ni hiyo timu ya Dar.

Na straika wetu Mbwana Samatta tusimtaje kwa Aston Villa ya England peke yake. Alitoka Simba 2011, akakaa Lubumbashi, Kongo, na klabu ya TP Mazembe akicheza kila wiki mpaka 2015 wakabeba Ligi ya Mabingwa Afrika, akafunga mechi zote mbili za fainali. Genk ya Ubelgiji wakamchukua Januari 2016. Miaka ile yote ya katikati watu wanairuka.

Kipara wa Ilala: Sawa, lakini bati je?

Mtu wa Takwimu: Bati linakopeshwa, mkuu. Dakika za kucheza hazikopeshwi.

Mleta uzi: Nawashukuru sana. Nimeongea na mama, kakubali tusubiri angalau Januari iingie, ingawa kanuna. Dogo nimemwambia asisaini karatasi yoyote kabla Bibie hajaiona (dada nimekufuata inbox). Timu nimewaomba nusu ya pili iandikwe tarehe, wamesema watarudi kwetu. Wakala nimemuomba namba ya leseni tangu saa nne asubuhi, tiki zimekuwa za bluu, jibu hakuna.

Winga Mstaafu: Hapo umeshajibiwa.