Taa za pisti kwa ndege ya wagonjwa usiku: inawezekana ao tunapoteza feza?

mwana_mitwaba (Lubumbashi)
Jambo bandugu. Siye wana ya upande wa Mitwaba tuko huku Lubumbashi tunachanga kila mwezi na sasa kuko kitu kidogo mu sanduku ya feza. Mwezi wa kwanza muke ya kaka yangu alishikwa na uchungu asubui, saa kumi njo bakaona mutoto amelala vibaya, lazima kupasuliwa, ndege ikaombwa, pilote akajibu giza itamukuta njiani na hawezi kutua usiku kwenye pisti ya udongo yenye haina hata taa moja. Barabara na ile mvua, mwenye anaijua anaijua. Tulikesha na telefone mu mukono. Ndege ilifika kesho yake, mama alipona, mutoto hapana. Sasa mukubwa wetu mumoja analeta wazo tununue taa za sola tuzipange kwenye pisti, iko na kama mita 900. Taa ngapi? Na ndege itakuya kweli?

fundi_kamalondo
Pole sana ndugu. Hesabu yenyewe si ngumu: pisti ya kutua kwa macho, taa za pembeni zisiachane zaidi ya mita 100, kwa hiyo mita 900 ni 10 kila upande, zote nyeupe. Kwenye mulango wa pisti, pale inaanzia, unaweka kijani 6, na mwisho wake nyekundu 6. Kama 32 hivi zote. Na inawezekana! Mwaka 2019 kule Igiugig, Alaska, kijiji cha watu kama 70, taa za pisti zilikataa kuwaka usiku, watu wakaleta magari na pikipiki za magurudumu mane wakawasha taa zake pembeni ya pisti, ndege ikatua ikabeba mutoto mugonjwa mupaka Anchorage.

papa_wa_pisti
Fundi hesabu yako ni sawa lakini ile mufano wa Alaska usiwadanganye watoto. Kule taa zilikuwepo zikaharibika usiku mumoja, pilote ni wa kuruka usiku, na kule anakoenda kuko taa na dokta wanamungojea. Nilifanya kazi ya pisti miaka mingi, tulikuwa tunatumia mikebe ya maziwa, unatia muchanga, unamwanga petroli (mafuta ya taa), unawasha, upepo ukija nusu zinazima na wewe unakimbia na kiberiti. Taa za sola ni bora, sibishi.

Shida ni ile giza ya pori. Pilote akikuja usiku haoni muti, haoni kilima, anaona tu mistari mbili za taa mu weusi, na macho inamudanganya anajiona yuko juu kuliko vile yuko, anashuka mapema, anakuta miti mbele ya pisti. Ndiyo maana wanaweka zile taa za kando zinaonyesha nyekundu na nyeupe, akiona nyekundu zote anajua ameshuka sana. Na mukipanga taa vibaya, mustari mumoja umepinda, ni vibaya kuliko kukosa taa.

Kwa hiyo mbele ya kununua: kampuni gani itakubali kuruka usiku, na pilote wake ana ruhusa ya AAC, ile ofisi ya serkali yenye inasimamia ndege? Halafu RVA, wale wenye kuendesha viwanja vya ndege: huku Luano, uwanja wa Lubumbashi, ndege ikirudi saa nne usiku, iko nani kwenye munara? Bila majibu hayo munanunua taa za kuchajia telefone za kijiji.

muuguzi_mustaafu
Mimi ningeuliza kitu kingine: kutoka asubui mupaka saa kumi walikuwa wanangojea nini? Sisemi kulaumu, nimekuwa pale, unajiambia bado kidogo itageuka. Lakini kule kwetu kufika saa moja giza imeingia, kwa hiyo saa sita mchana njo saa ya mwisho ya kuamua. Na wale wenye walishapasuliwa mbele, ao mimba ya mapacha, waje walale karibu na hospitali wiki mbili tatu mbele ya siku zao. Nyumba yenye vitanda sita na jiko ya makala haihitaji ruhusa ya mutu.

fundi_kamalondo
Mama una haki, ila nyoka haangalii saa, na ajali ya pikipiki pia. Taa zisiachwe nje, zitaibiwa. Zikae mu sanduku kwa muuguzi, na pisti iwekwe mawe ya chokaa kila mita 100 yaliyopimwa muchana kwa kamba, ili usiku vijana wawili na pikipiki wanajua kila taa inakaa wapi.

mwana_mitwaba (Lubumbashi)
Aksanti sana bakubwa. Siku ya Posho (Jumamosi) tunaanza na chokaa, kamba na ile nyumba ya bamama, na nitaenda mwenyewe kuuliza AAC na kule Luano, taa zingojee. Papa, umesahau kitu kimoja tu: nani atatoa mbuzi za chefu kwenye pisti usiku?

papa_wa_pisti
Hiyo hata muchana tulishindwa.