MREJESHO: Mkate bapa wa jibini na majani ya viungo

Wakuu, narudi na mrejesho kama nilivyoahidi. Niliuliza kwa nini mkate wangu bapa unatoka mkavu, na rozimari inaungua kabla mkate haujaiva. Asanteni sana wote mliojibu.

Kilicholeta mabadiliko makubwa ni maji. Mlisema niweke gramu 340 za maji kwa gramu 500 za unga wa ngano. Donge linanata kwelikweli, ila ukipaka mafuta mikononi badala ya kuongeza unga, linakandika, na mkate unabaki laini hata ukipoa. La pili ni joto: oveni digrii 250, trei inapata moto ndani kwanza, ndipo mkate unaingia. Aliyenipa hili, ubarikiwe sana! Chini sasa panaiva na kupata rangi nzuri.

Rozimari naichanganya na mafuta ya zeituni na kitunguu saumu, na haiungui tena. Basili nainyunyiza mkate ukishatoka.

Jibini ndiyo bado. Mozarela mbichi niliichuja na kuikausha kwa kitambaa kama mlivyoelekeza, lakini katikati bado panalowa. Ile kavu ya kukwaruza, ikiwekwa dakika chache za mwisho, haina shida kabisa, kwa hiyo nimebaki nayo. Kujaza jibini ndani ya donge pia hakujafanikiwa, linapasuka pembeni na jibini yote inamwagika kwenye trei. Mwenye mbinu ya kufunga kingo anielekeze, nitajaribu.