Kupima umeme wa kokoto na muramu, namba zinaruka sana

MwanaMaabara_Mukono: Habari zenu wakubwa. Niko na kokoto za graniti kutoka machimbo ya huku Mukono na muramu (udongo wenye changarawe) ya barabara, natafuta pemitiviti yao (namba ya uwezo wa kitu kuhifadhi umeme) ili tukipitisha rada tujue unene wa tabaka bila kuchimba kila mahali. Natumia sahani mbili za shaba na mita ya kapasita kwa kilohezi 1. Kokoto kavu inasoma karibu 3, muramu yenye unyevu inapanda mpaka mamia! Nishike namba gani?

InjiniaBarabara: Ssebo, usishike yoyote kwanza. Kokoto zikimwagwa tu zinaacha hewa katikati na hewa ni 1, ndiyo maana unapata 3 wakati graniti kavu yenyewe huwa kama 4 hadi 6. Kata kipande bapa, sugua pande zote zilale vizuri kwenye sahani. Halafu kausha kwenye oveni nyuzi 105 hadi 110 mpaka uzito usishuke tena, kwa sababu maji ni karibu 80, unyevu kidogo tu unafunika jiwe lote.

Nabbosa_geo: Na hiyo kilohezi 1 ndiyo inaleta mamia kwa muramu. Chumvi zilizomo kwenye unyevu zinasogea zinarundikana kwenye sahani, mita inadhani ni uwezo wa udongo kuhifadhi umeme. Rada za barabara nyingi ziko karibu gigahezi 1, huko hiyo kitu haipo, kwa hiyo namba uliyopima kwa kilohezi 1 usiipeleke kwa rada hata kidogo. Angalia hasara ya kuweka pemitiviti isiyo sahihi: kasi ya wimbi ni sentimita 30 kwa nanosekunde gawanya kwa kipeuo cha pili cha pemitiviti. Wimbi likienda na kurudi kwa nanosekunde 4, ukiweka 4 unapata unene wa sm 30, ukiweka 9 unapata sm 20. Mkandarasi analipwa kwa hizo sentimita jamani.

MwanaMaabara_Mukono: Asante nyabo. Sasa muramu nayo nikaushe tu?

InjiniaBarabara: Hapana, muramu tunataka kujua inavyonyonya maji. Shindilia sampuli, ikaushe, isimamishe kwenye maji ya kina kidogo, pima pemitiviti kwenye uso wake wa juu kila siku kwa siku 10. Kipimo hiki kilitoka Finland na Texas: chini ya 10 ni nzuri, juu ya 16 ni mbaya, vumbi lake la mfinyanzi linavuta maji. Kwa namba ya kutumia kwenye rada, toboa sehemu mbili tatu barabarani, pima unene kwa rula, ndipo urekebishe pemitiviti.