Mrejesho: skrinseva iliyokuwa ikikwama kwenye kompyuta ya zamani

Jamani asanteni sana, narudi kuhusu ile kompyuta ya Windows XP ya dukani kwetu hapa Lamu, niliuliza mbona skrinseva (ile michoro inayocheza kwenye skrini kompyuta ikiwa haitumiki) ya mabomba ya 3D inakwama-kwama, na ile ya kuonyesha picha zangu pia, na feni inavuma kama jenereta. Aliyesema draiva (programu ya kuendesha) ya kadi ya grafiki, ile inayochora picha, haipo amepatia kabisa, bila hiyo prosesa yenyewe ndo inachora kila kitu, nimeiweka na sasa mabomba yanateleza vizuri na feni imetulia, nimefurahi mno.

Ile skrinseva ya picha zangu, mliyosema nipunguze ukubwa wa picha, imekubali nusu. Nilizipunguza zile za mashindano ya mashua ya Maulidi zikawa 1024 kwa 768 sawa na skrini yenyewe, zinafunguka haraka, ila zikibadilishana kwa madoido (zile mbwembwe za picha moja kuingia nyingine kutoka) bado zinashtuka, ikabidi nizime madoido kwenye setingi maana ramu (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ni MB 256 tu.

Na nyie mliosema skrini bapa haihitaji skrinseva kuilinda isibaki na alama za picha kama zile za kichogo, nimewasikia, usiku naiwekea izime kabisa, stima nayo ghali. Shukran sana wote mlionijibu.